Jettison

Jettison (hutamkwa takriban "jetisan") ni neno la Kiingereza lenye maana ya kutupa kitu kwa makusudi ili kuokoa kingine. Kwa asili ni neno la mabaharia: lilitaja tendo la kutosa shehena baharini ili kupunguza uzito wa chombo kilicho hatarini kuzama. Siku hizi hutumika pia kuhusu ndege, vyombo vya angani na, kwa njia ya sitiari, mipango, imani au watu wanaoachwa.

Asili ya neno

Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini "iactare", yaani kutupa. Kupitia Kifaransa cha kale ("getaison") liliingia katika Kifaransa cha wanasheria wa Uingereza, na katika karne ya 15 likawa nomino ya Kiingereza. Matumizi yake kama kitenzi ni ya karne ya 19.

Ndugu yake wa karibu ni "jetsam", yaani mali iliyotoswa. Mali hiyo hutofautishwa na "flotsam", ambayo huelea baada ya chombo kuvunjika, na "lagan", ambayo huzamishwa ikiwa imefungiwa boya ili ichukuliwe baadaye. Asili hiyohiyo ya Kilatini imefika pia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, katika maneno "jeti" na "projekta".

Katika sheria ya bahari

Desturi ya kutosa shehena ni ya kale. Katika Biblia inatajwa katika kitabu cha Yona (sura ya 1) na katika safari ya Mtume Paulo iliyoishia Malta (Matendo ya Mitume, sura ya 27), ambamo shehena ilitupwa kwanza, kisha vifaa vya merikebu, na mwishoni ngano.

Swali gumu lilikuwa: nani abebe hasara? Waroma walifuata kanuni iliyohusishwa na kisiwa cha Rodo, ambayo imehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria wa Kaisari Justiniani wa mwaka 533. Kilichotolewa kwa ajili ya wote hulipwa na wote.

Kwa mfano, chombo kina thamani ya shilingi milioni 60, na kimebeba mali za wafanyabiashara watatu: Juma milioni 20, Asha milioni 10 na Saidi milioni 10. Jumla ni milioni 100. Tufani inapowapata, mali yote ya Saidi inatoswa na vingine vyote vinaokoka. Hasara ni sehemu 10 kwa kila 100, hivyo kila mmoja anabeba kwa kiwango hicho: mwenye chombo milioni 6, Juma milioni 2, Asha milioni 1. Saidi analipwa milioni 9 na kubeba milioni 1 iliyobaki.

Ili kanuni itumike, hatari iwe ya kweli na ya wote, kutosa kuwe kwa makusudi na kwa busara, tena pawe na kilichookolewa. Kanuni hiyo ingali hai katika Kanuni za York na Antwerp, zilizorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2016.

Merikebu ya Zong

Kanuni hiyo iliwahi kutumiwa kutetea unyama. Mwishoni mwa mwaka 1781 mabaharia wa Zong, merikebu ya Waingereza iliyokuwa ikipeleka watumwa kutoka Afrika hadi Jamaika, waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130. Wenye merikebu walidai fidia ya bima kana kwamba ni bidhaa, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yamepungua. Baraza la wazee wa mahakama liliwakubalia, lakini mwaka 1783 Jaji Mansfield na wenzake waliamuru kesi isikilizwe upya, baada ya kuelezwa kwamba mvua ilikuwa imenyesha kabla ya watu wa mwisho kutoswa. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alimpelekea Granville Sharp habari hizo. Sharp alijaribu kuwafungulia wahusika mashtaka ya mauaji bila kufanikiwa. Hata hivyo, kisa hicho kiliwapa nguvu wapinzani wa biashara ya watumwa, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807.

Matumizi ya kisasa

Katika usafiri wa anga, neno hutaja kumwaga mafuta angani ili ndege inayolazimika kurudi mapema ipungue uzito na kutua salama. Mwezi Aprili 1970 wanaanga wa Apollo 13 waliachilia sehemu mbili za chombo chao, mojawapo ikiwa ile iliyowahifadhi hai baada ya mlipuko, kabla ya kuingia katika angahewa ya Dunia.

Kwa Kiswahili

Tafsiri iliyo karibu zaidi ni "kutosa", kwa kuwa "kutupa" hakuonyeshi maji wala dharura. "Kutosa" nako kumepata sitiari inayofanana: mchumba huweza "kumtosa" mwenzake, na chama cha siasa "kumtosa" mgombea. Tofauti ni kwamba katika maana ya asili ya "jettison", kinachotupwa si lazima kiwe kibaya. Mara nyingi ni mali nzuri inayotolewa ili watu wafike bandarini.