Unga wa Ugali Usigeuzwe Mifuko

Kila mama aliyepika uji hapa Lugulu anaujua ule utando mwembamba unaobaki ukingoni mwa sufuria uji unapokauka. Hubandua kwa ukucha, akautupa. Kumbe huo ndio msingi wa elimu inayowashughulisha wataalamu wa vifungashio duniani. Wanga ukichemshwa, chembe zake huvimba na kupasuka. Ukitandazwa juu ya kioo na kuachwa ukauke, huwa karatasi angavu. Peke yake huvunjika kama ganda la yai, kwa hivyo hutiwa gliserini, ile ile tunayojipaka ngozini, ukalainika na kukunjika. Ukifukiwa shambani, vijidudu vya udongo huula ukaisha.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Kenya, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, wachuuzi wetu wamehangaika. Wapo wanaofungia omena kwa gazeti, wino na yote, na wapo wanaonunua kwa siri mifuko inayovushwa kutoka Uganda.

Hata hivyo, siungani na wanaoshangilia mfuko wa wanga bila kuuliza wanga wa nini. Viwandani wanga wa mahindi umezoeleka sana, nayo mahindi ndiyo chakula chetu. Siku kiwanda kitakapomshindania mama gorogoro sokoni, mama atashindwa. Afadhali muhogo, hasa ule mchungu usiotafunwa mbichi: hukunwa, hukamuliwa, maji yake yakaachwa yatuame, na wanga mweupe ukabaki chini.

Tena tusidanganyane. Mfuko wa wanga huogopa maji, na mvua zetu za alasiri hazina huruma. Ubebe maharagwe na majani ya chai. Nyama mbichi na irudi katika jani la mgomba, lilikotoka.

Majirani zetu wa Webuye walikiona kiwanda chao cha karatasi kikifungwa mwaka 2009, wakabaki wakihesabu hasara. Kwa hivyo, kabla serikali ya Kaunti ya Bungoma haijamkaribisha mwekezaji yeyote wa mifuko hii, imtake aeleze hadharani: muhogo ataununua kwa nani, kwa bei gani, na mwaka wa njaa atafanyaje?