Kizazi Kinaposhuka: Tuchague Matibabu kwa Kuelewa

Akina mama wenzetu, liko jambo tunalonong'onezana wenyewe kwa wenyewe lakini kwa daktari tunalificha. Ni ule uzito ukeni kana kwamba kuna kitu kinataka kutoka, uvimbe unaoguswa wakati wa kuoga, au mkojo kuvuja tunapokohoa.

Mara nyingi hizo ni dalili za kushuka kwa kizazi, au kibofu cha mkojo. Misuli inayovishikilia hulegea kutokana na uzazi, umri, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kubeba mizigo mizito. Si laana wala si kansa.

Wengi tunaikwepa hospitali kwa kuogopa kisu. Lakini matibabu si ya namna moja, na mwenye kuchagua ni mgonjwa mwenyewe, akisaidiwa na daktari.

Kama hali haikusumbui, unaweza kusubiri huku ukichunguzwa. Kama kizazi kimeshuka kidogo, mazoezi husaidia: unabana misuli kama anayezuia mkojo, kisha unalegeza, kila siku kwa miezi 3 au 4. Mazoezi hupunguza usumbufu, ila hayarudishi kizazi kilichotoka nje kabisa.

Njia nyingine ni pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Hupimwa ikutoshe, na ni lazima isafishwe na kukaguliwa. Ukiona damu au uchafu wenye harufu mbaya, rudi kliniki.

Operesheni hurekebisha sehemu zilizolegea. Si lazima kizazi kiondolewe kila mara. Hata hivyo hali inaweza kujirudia. Uliza pia kama utawekewa wavu wa plastiki, maana mwezi Aprili 2019 Marekani ilisimamisha uuzaji wa nyavu zinazowekwa kupitia ukeni kutibu tatizo hili.

Lipi litufae? Mama wa miaka 30 anayetaka mtoto mwingine huenda akaanza na mazoezi au pete, akingoja amalize kuzaa. Bibi wa miaka 70 mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuona pete ni nafuu. Aliyechoshwa na pete naye ana haki ya kuomba operesheni.

Kabla ya kukubali, tuulize: Kimeshuka kiasi gani? Nikiacha itakuwaje? Je, nitaweza kuzaa tena? Tendo la ndoa litakuwaje?

Na nyumbani tuzungumze na waume zetu. Baada ya operesheni mama hatakiwi kubeba mizigo mizito kwa wiki 6 hivi au zaidi. Nani atachota maji? Nani atabeba kuni? Hilo nalo lipangwe kabla ya siku ya operesheni.

Lakini mkojo ukikataa kutoka, au sehemu iliyotoka ikiwa na kidonda, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tumezaa bila aibu. Tusione aibu kutibiwa.