Kabla ya Kuimba "Haleluya"

Siku ya Wazazi wengi walitusifu kwa "Haleluya" ya Handel, aliyoitunga London mwaka 1741 baada ya kutunga opera nyingi. Yafaa waelezwe taabu iliyotangulia.

Mwezi Julai baridi ya Kilimanjaro hushuka hadi mabwenini. Tulifanya mazoezi alfajiri, nami nilipiga tarumbeta. Asubuhi moja sauti zetu hazikupatana hata kidogo, nikawalaumu waimbaji wa sauti ya kwanza kuwa wanapanda mno.

Mwalimu akagonga chuma chenye meno mawili kama uma, kinachotetemeka mara 440 kwa sekunde. (Kile kinachohusishwa na Handel, cha mwaka 1751, hutetemeka mara 422.5 tu, sisi twaimba juu zaidi.) Waimbaji walikuwa sawa. Tarumbeta yangu ndiyo iliyokuwa chini!

Sababu ni kwamba katika hewa ya baridi sauti husafiri polepole, basi tarumbeta hushuka. Dawa yake ni kuipasha moto kwa pumzi, kisha kusukuma ndani kibomba chake ili ipande, au kukivuta ili ishuke.

Niliwaomba radhi wenzangu. Tangu siku ile husikiliza kwanza, ndipo nipulize.