Mipaka ya Punje katika Aloi Zigeuzazo Joto kuwa Umeme

Katika miaka ya 1950, vijiji kadhaa vya Urusi ya Kisovieti ambavyo havikuwa na nyaya za umeme vilisikiliza redio kwa msaada wa taa ya mafuta. Juu ya chemni ya taa hiyo palifungwa vipande vya aloi ya zinki na antimoni. Upande mmoja ulipashwa moto na utambi, upande wa pili ulipozwa na hewa, na tofauti hiyo ya joto ikazaa mkondo wa umeme.

Aloi ya namna hiyo hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: ipitishe umeme vizuri, lakini ipitishe joto kwa shida. Joto likivuka upesi, pande zote mbili hulingana na umeme hukoma. Hapo ndipo linapoingia suala la punje.

Punje hizi si zile zipimwazo kwenye mizani ya chama. Kipande cha aloi, hata kikionekana laini, ni mkusanyiko wa fuwele ndogo mno. Ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa safu. Punje mbili zikutanapo, safu hazilingani. Mpaka huo ni mfano wa kizuizi cha barabarani: elektroni hukwama, na mitetemo ya atomi ichukuayo joto hukwama vilevile.

Faida au hasara hutegemea nani amezuiwa zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walisaga aloi ya bismuthi, antimoni na teluri ikawa unga, kisha wakaushindilia kwa joto. Mipaka ikawa mingi, joto likazuiwa kuliko umeme, na kipimo cha ubora kikapanda kutoka karibu 1 hadi 1.4 kwenye nyuzi 100 za Sentigredi.

Lakini teluri ni adimu. Ndiyo maana aloi ya magnesi na antimoni, ambayo malighafi yake ni rahisi zaidi kupatikana, imetazamwa kwa hamu. Nayo ilileta fumbo: upitishaji wake wa umeme ulikuwa hafifu katika joto la chumba, ukaongezeka kadiri ilivyopashwa moto, ilhali ilitarajiwa upungue. Wengi walizilaumu atomi za kigeni zilizochanganywa humo. Mwaka 2018 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, walionyesha kwamba kosa lilikuwa mipakani. Elektroni zenye nguvu kidogo hushindwa kuvuka. Zipatapo joto, huruka kizuizi.

Hapa, basi, kusaga zaidi ni kuharibu. Dawa ni kukuza punje, ama kwa kuishindilia aloi katika joto kali zaidi, ama kwa kuipasha ndani ya mvuke wa magnesi, kwani madini hayo hutoroka upesi. Fuwele moja nzima haina mpaka hata mmoja, ila kuikuza ni kazi ya polepole isiyofaa kwa vipande vingi.