Safari ya Kaa Jike

Kaa koko, ambaye wanasayansi humwita Scylla serrata, huishi kwenye matope ya mikoko kuanzia mwambao wa Afrika Mashariki hadi Japani, na kwa wanaomchokoa shimoni katika delta ya Rufiji au hori ya Mida huonekana kuwa kiumbe wa hapo hapo, azaliwaye na kufia topeni. Ilhali kila kaa koko alianguliwa katika maji ya bahari kuu.

Jike hupandwa akiwa ndiyo kwanza amejiambua, yaani amelivua gamba la zamani na mwili bado ni laini. Siku kadhaa kabla ya hapo dume humkumbatia kwa miguu na kutembea naye chini ya kifua chake, akimkinga na madume wengine, kisha gamba likishavuliwa humgeuza chali. Mbegu za kiume huhifadhiwa katika vifuko viwili ndani ya mwili wa jike, ambamo hudumu kwa miezi, hata jike aweze kurutubisha mikupuo zaidi ya mmoja ya mayai bila kukutana tena na dume. Aliyepevuka hutambulika akipinduliwa, kwani kile kifuniko cha tumbo kilichokunjwa chini ya mwili, ambacho kwa dume ni chembamba na kwa jike mchanga ni cha pembetatu, kwake huwa kipana, cha mviringo na cheusi-cheusi.

Jike huyo huiacha mikoko na kuelekea baharini, pengine makumi ya kilomita, kwa sababu viluwiluwi, yaani watoto wanaoelea kabla ya kupata umbo la kaa, hawastahimili maji ya hori yaliyozimuliwa na mito na mvua. Mayai yake, ambayo huweza kupita milioni moja, hunata kwenye vinyweleo chini ya kifuniko kile yakiwa na rangi ya chungwa, na huwa meusi yanapokaribia kuanguliwa, macho ya viluwiluwi yakiwa yameshajitokeza ndani yake. Viluwiluwi hupitia hatua tano, kisha hatua ya megalopa, yenye magando tayari, na hapo ndipo wachache walionusurika hurudi pwani.

Kwa hiyo sheria inayokataza kuvua jike aliyebeba mayai, ingawa ni njema, humkinga kaa ambaye mvuvi wa mikokoni hakutani naye ila kwa nadra, na kumwacha wazi yule mwenye kifuniko kipana anayejiandaa kuondoka. Jimbo la Queensland, Australia, limekataza kabisa kuvua jike wa kaa huyu, katazo ambalo lina mantiki kwa kuwa dume mmoja huweza kupanda majike kadhaa. Katika mwambao wa Kenya na Tanzania, ambako wengi hunenepesha kaa kwenye vizimba, wadogo wa kufuga kwa sehemu kubwa bado huokotwa mikokoni, na vizimba hujazwa na uzao wa majike waliofanikiwa kutoka.