Mchoraji Naye Apewe Haki Yake

Mtoto wa darasa la kwanza husoma picha kabla ya kusoma neno. Picha ya mbuzi ndiyo inayomwongoza kwenye herufi zilizo chini yake. Jina la mwandishi wa kitabu hicho limo kwenye jalada, na la mchapishaji pia. La mchoraji ni nadra kulikuta.

Wachoraji wetu wengi hujitegemea. Hawana mshahara wala kiinua mgongo. Leo huchorea kitabu, kesho tangazo la duka, keshokutwa hukaa bila kazi. Karatasi, wino na rangi hununua wenyewe. Hulipwa mara moja tu, na aghalabu kwa mapatano ya mdomo. Kitabu kikichapwa tena na tena, hawapati hata senti moja zaidi.

Hasara ya mtindo huu imekwisha onekana kwingineko. Mwaka 1938, huko Marekani, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster waliuza hadithi ya picha ya Superman, pamoja na haki zake zote, kwa dola 130. Wengine walitajirika. Haikuwa mpaka mwaka 1975, Shuster akiwa karibu kipofu, ndipo wenye mali walipokubali kuwapa wawili hao posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi ile.

Hapa kwetu, wasomaji wa gazeti la Sani walimpenda sana Kalikenye. Lakini ni wangapi leo wanaomkumbuka Philip Ndunguru, aliyemchora, na ambaye alifariki mwaka 1986 angali kijana?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji maishani mwake, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfaa sana mtu aliyetia saini karatasi asiyoisoma.

Wachapishaji watasema kuwa soko la vitabu ni dogo. Ni kweli. Lakini mchoraji akipewa fungu dogo katika kila nakala inayouzwa, mchapishaji hatadaiwa chochote kwa kitabu kilichododa. Atagawana naye pale tu anapopata.

Kwa hiyo tunatoa rai mapatano yote yaandikwe, yaeleze malipo ya toleo la kwanza na ya matoleo yatakayofuata, na jina la mchoraji lichapwe pamoja na la mwandishi. Wachoraji nao wasione haya kuuliza kabla ya kutia saini, hata kama njaa inabisha hodi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mchoraji naye kwao ni hapa.