Klabu inataka ripita? Hela isiishie kwenye redio

Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, watu walibaki wakitazama kiduara kinazunguka kwenye simu.

Siku kama hiyo, redio ya ridhaa haiulizi bando. Shida yake ni umbali. Redio ya mkononi ya wati 5 ikikutana na mlima au maghorofa, mazungumzo yanakatika.

Dawa ni ripita: mtambo unaokaa mahali pa juu, ukapokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha kwenye masafa mengine. Lakini hela za mchango zikishapatikana, zigawanywe vipi?

Anza na kibali

Tanzania kibali hutolewa na TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kinatangulia kwa sababu vifaa vingine hutuniwa kwa masafa mliyopewa. Ukinunua kwanza, huenda ukalipia fundi mara mbili.

Dupleksa ndiyo roho

Ripita inasikiliza na kurusha kwa wakati mmodi uleule, mara nyingi kwa antena moja. Kwenye masafa ya megahezi 144 hadi 146, pengo la kawaida kati ya kupokea na kurusha ni kilohezi 600 tu. Bila kizuizi, mtambo unajiziba masikio wenyewe.

Kizuizi hicho ni dupleksa, mitungi ya chuma inayotenganisha pande hizo mbili. Inatakiwa izuie desibeli 80 au zaidi, yaani ipitishe sehemu moja tu kati ya milioni 100. Zile ndogo za bei chee nyingi zimetengenezwa kwa pengo la megahezi kadhaa, hivyo kwa kilohezi 600 hazifai. Kwenye megahezi 430 hadi 440 mitungi huwa midogo, na pengo linaweza kuwa kubwa zaidi.

Kebo inakula wati

Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 30, kwenye megahezi 145, hupoteza karibu desibeli 6. Ukitia wati 50, kwenye antena zinafika kama 12. Kebo nene aina ya LMR-400, kwa urefu uleule, hufikisha kama 35. Na hasara hiyo ni ya pande zote mbili: sauti dhaifu inayoingia nayo inamezwa.

Redio isiyochoka

Redio ya gari imeundwa kuongea kidogo, kisha ipumzike. Ripita inaweza kurusha nusu saa mfululizo. Kuunganisha redio mbili za gari kunawezekana na ni nafuu, ila ziwekewe feni na nguvu ipunguzwe. Kushuka kutoka wati 50 hadi 25 ni desibeli 3 tu. Wengi hawatagundua tofauti, lakini redio itadumu.

Dijitali au FM?

DMR, D-STAR na C4FM hazisikilizani zenyewe kwa zenyewe. Mwenye redio ya aina moja hamsikii wa nyingine. FM ya kawaida inasikika kwa karibu kila redio ya ridhaa ya masafa hayo, hata ile ya bei ya chini. Pia, kuunganisha ripita za miji tofauti kwa intaneti ni raha, lakini intaneti ikikata, kiungo nacho kinakufa. Inabaki ripita ya mlimani kwenu.

Umeme na radi

Mtambo unaokula ampia 8 ukirusha utamaliza nusu ya betri ya ampia-saa 100 kwa takriban saa 6 za kurusha mfululizo. Betri za asidi hazipendi kushushwa chini ya hapo, kwa hiyo sola ipigiwe hesabu ya siku za mawingu. Mnara nao uwe na waya wa ethi na kinga ya radi kwenye kebo. Radi moja inaweza kuunguza mchango wa mwaka mzima.

Kwa ufupi, mpangilio wa kutumia hela ni huu: eneo na kibali, antena na kebo, dupleksa, umeme, halafu redio. Redio ya kawaida juu ya kilima, yenye kebo nzuri, itasikika mbali kuliko ya gharama iliyofungwa bondeni.